Koti la Waru

Kibii wa Kiamunyi aliamua kuiokoa dunia, ingawa dunia haikuwa imemwomba!

Alikuwa amehudhuria semina ya nusu siku mjini Nakuru, akashiba samosa, akarudi nyumbani profesa. Tangu hapo hakusema tena "plastiki" kama watu wengine. Alisema "plastiki itokanayo na mimea", tena akiwa amefumba macho kama mtu anayebariki chakula.

"Mambo ya petroli yamekwisha!" alimtangazia jirani yake Chesang juu ya ua. "Wazungu watakuja hapa hapa kuniuliza mimi!"

"Kukuuliza nini?"

"Wanga, bwana! Wanga ndio mafuta mapya!"

Wanga huo aliutoa kwenye waru, yaani viazi. Na waru alizitoa wapi? Hapo shujaa wetu alikuwa hapendi kuulizwa. Stooni kulikuwa na gunia la mbegu, zimechipua vizuri, zawadi ya mama mkwe kutoka Elburgon. Zilikuwa zikingoja mvua ili mkewe, Jeruto, azipande. Jeruto alipotoka kwenda kulima, Kibii akazikwangua zote! Akachuja wanga, akatia siki na glisarini, akachemsha kwa kuni za msitu wa Mau. Moshi ukafunika mtaa mzima. Majirani wakakohoa, naye akawaambia wavumilie, anasafisha mazingira.

Kilichotoka kwenye sufuria kilikuwa kama ngozi, laini, kinang'aa kama pua ya ndama. Akakishona koti la mvua.

Nyakio, mama wa Milimani aliyeongoza kikundi cha mazingira, akamwalika alionyeshe bustanini kwake. Likipendeza, kikundi kingemfungulia karakana. Kibii alifika amelivaa juani, jasho likimtiririka, akitembea kama askofu siku ya kipaimara. Jeruto akakaa mstari wa mbele, amevaa kitenge kipya, anajivunia mume.

"Huu ndio mwisho wa plastiki!" Kibii alinguruma. "Koti likichakaa, unatupa, udongo unakula!"

Makofi! Nyakio akainua mkono.

"Koti moja linamaliza waru kiasi gani?"

"Gunia tu."

"Gunia? Sasa tukivaa sisi wote, watu watakula nini? Mikono ya koti?"

"Mathe, hayo ni maswali ya wivu."

"Si wivu. Kitu kutoka shambani si lazima kiwe kizuri kwa shamba. Hizo waru ulitoa wapi?"

"Mabaki," Kibii akasema, sauti ikipungua. "Mabaki ya jikoni."

Jeruto akakunja uso. "Jikoni gani? Kwangu?" Akasimama polepole. "Kibii. Si zile mbegu za mama?"

Kabla hajajibu, wingu lililokuwa limenuna juu ya Menengai likapasuka. Wageni wakakimbilia barazani. Kibii akaona mbingu imekuja kumtetea!

"Msikimbie! Hii ndiyo maabara yenyewe!" Akabaki katikati ya nyasi, mikono juu.

Koti likavimba. Likageuka jeupe. Mikono yake ikarefuka, ikarefuka, hadi ikagusa nyasi. Kisha likawa uji, likamteleza kifuani hadi kwenye viatu. Mbwa wa Nyakio walisikia harufu, wakaja mbio, wakaanza kumlamba magoti kwa heshima zote.

"Mnaona inavyooza haraka?" Kibii alipiga kelele akirukaruka.

"Haiozi, boss!" mtu akamjibu kutoka barazani. "Imeiva!"

Baraza lote likaangua kicheko. Jeruto peke yake hakucheka. Aliingia mvuani, akachota bonge begani kwa mumewe, akalitazama kiganjani.

"Mvua ndiyo hii," akasema. "Na shamba langu ndilo hili."



Kesho yake alfajiri Jeruto alimtuma Elburgon aombe mbegu, nyumba kwa nyumba. Habari zilikuwa zimemtangulia. Kila alipobisha, watu walificha waru kama wanavyoficha vifaranga wakiona mwewe. Mwishowe mama mmoja mzee, Chepkirui, akamhurumia, akamtolea ndoo iliyojaa. Lakini hakuuachilia mkono wa ndoo.

"Kijana, hizi ni za kupanda."

"Ndiyo, mathe."

"Nikisikia umezipika plastiki, nakuja Kiamunyi nakupanda wewe."