Taa za Mfalme na Mfuniko wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Mwalimu wa maigizo amenipa nafasi ya tarishi katika mchezo wa Ijumaa. Sentensi mbili, mbele ya shule nzima! Mimi ambaye nikiitwa jina darasani sauti hukimbilia tumboni. Nikamwomba anibadilishie. Akasema sawa, nimtengenezee taa za kumwongoza mfalme jukwaani, ziwake moja baada ya nyingine hadi kwenye kiti chake. Zikigoma, mimi ni tarishi. Nimeshasoma kitabu cha saketi za umeme. Kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi

Vitaa vidogo vilikimbizana mezani kama siafu! Nikasahau kula. Kisha nikaving'oa, nikaunga balbu kubwa za gari alizonipa mjomba, fundi magari. Chipu, ile inayoziamuru ziwake kwa zamu, ikatoa moshi mwembamba, ikakata roho. Binamu yangu Kobe, tunayesoma naye darasa moja (jina kalipata kwa kulehemu polepole), akasema, "Ndugu yangu, chipu ni refa. Inapuliza kipenga tu. Mpira waachie transista." Jamani, huyu binti huyatoa wapi? Kitabu changu kimehangaika kurasa tele kusema hilo hilo: chipu itoe amri tu, umeme mkubwa upite kwenye transista. Nimemshukuru kwa ubaridi, asije akaota pembe.

Jumatano, 5 Machi

Chipu mpya. Transista moja kwa kila balbu. Zinachemka! Zinataka bamba la kutolea joto. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa ya mama, nikautoboa, nikazikaza zote hapo kwa skrubu. Nikawasha. Balbu zote zikawaka pamoja, zikabaki hivyo. Hakuna kukimbizana. Mama akauliza nani kaona mfuniko. Nikasema labda paka. Hatuna paka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemeza kiburi, nikamwita Kobe. Alicheka hadi akakaa chini. "We! Umewafunga wachezaji wote kamba moja, halafu unataka wapokezane?" Kumbe migongo ya transista ni chuma chenye umeme, na mfuniko umeiunganisha yote. Akakata vipande vya plastiki nyembamba isiyopitisha umeme, akaitandikia kila moja, na skrubu akazivalisha mirija ya plastiki. Polepole, bila waya hata mmoja kwenda upogo. Nilimtazama mikono tu. Taa zikakimbia! Mama akaingia, akauona mfuniko. Taa zikampita usoni, akazifuata kwa macho hadi ya mwisho. Kisha akafoka.

Ijumaa, 7 Machi

Mfalme alitembea, taa zikamtangulia, ukumbi mzima ukashangilia. Mimi nyuma ya pazia, kimya, raha mustarehe. Kobe kando yangu, akipima joto la transista kwa ncha ya kidole kama daktari. Hodari yule!

Halafu mwalimu akapanda jukwaani, akatangaza. Jumatatu, kwenye mkutano wa wazazi, fundi wa taa ataeleza alivyozitengeneza. Mimi! Nikamnong'oneza Kobe aende yeye. "Thubutu! Taa zako, wazazi wako."

Lakini nimepata dawa. Mjomba ana honi ya lori. Kila nikifungua mdomo, italia, nisisikike. Nitaiunga moja kwa moja kwenye chipu. Transista ni za taa. Hii ni honi tu. Kobe sitamsumbua kwa jambo dogo hivyo.