Mlango wa Duka la Marhoon

Jumamosi, 5 Disemba 1970. Ghubra, Maskati.

Jirani yetu Marhoon anataka kujenga duka kwenye kiwanja kilichopakana na ua wetu. "Wetu" nasema kwa kujipa moyo tu. Ua ni wa mama mkwe, Bi Nasriya, na mimi na mke wangu Muhsina tumehifadhiwa humo tangu tulipofika kutoka Unguja. Ramani ya duka imeletwa ofisini kwetu, kwenye mipango ya mji, na mkaguzi wa ramani ni mimi.

Bi Nasriya ameshapata khabari. Kanimiminia chai, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mlango wa duka ukiutazama ua wake, wanaume wakawa wanamchungulia anapopika, basi nitafute pa kulala. Muhsina atabaki. Hilo kalisema mara mbili. Bora angepiga kelele.

Jumapili, 6 Disemba.

Nimeimwagia ramani kahawa. Masharti mapya ya mji yanataka mlango wa duka utazame barabara, na mbele yake pawe na nafasi ya magari. Barabara yetu iko upande wa bahari, kaskazini. Ramani kaichora fundi mzee wa hapa hapa. Barabara hakuitia. Katia kuta, mlango, na mshale mmoja alioandika "kibla".

Rahisi! Nikaigeuza karatasi mshale ukae juu. Kibla ni kaskazini, Unguja hata mtoto anajua. Kushoto, magharibi, kwa Bi Nasriya, ukuta mtupu. Alhamdulillahi. Lakini mlango je? Uko kulia, unatazama vichaka na mbuzi. Na Aflah, mwenzangu wa meza ya pili, aliyesoma Kuwait na anayekitamani kiti changu, alishaandika kuwa ramani iko sawa.

Nikashika wino mwekundu. Mlango na magari vihamie upande wa mshale. Mkuu wetu, Sheikh Harub, kanisifu mbele ya watu. Aflah alitaka kusema neno juu ya ule mshale. Nikamwambia asinifundishe kibla, mimi mtoto wa Kiislamu.

Jumanne, 8 Disemba.

Nimemwambia Bi Nasriya alale usingizi, ua wake uko salama mikononi mwangu. Kanipakulia kichwa cha samaki. Kichwa, cha heshima hicho! Lakini sikukimaliza. Asubuhi Marhoon alikuja ofisini, mnyonge, akasema serikali ikitaka hivyo yeye ni nani hata apinge. Kisha akaniuliza kama Bi Nasriya ameridhia. Nikamjibu kuwa ndiye aliyetaka. Kanitazama kama mtu aliyeona jini.

Alhamisi, 10 Disemba.

Nimekwisha.

Nilikuwa nasali alasiri uani. Rakaa ya pili nikasikia mawimbi, mkono wangu wa kulia. Bahari ni kaskazini. Kama bahari iko kulia, basi mimi natazama magharibi. Basi kibla ya Maskati ni magharibi. Basi ule mshale wa fundi unatoka dukani unakuja moja kwa moja hapa nilipo, kwenye sufuria za mama mkwe. Miezi yote hii nnasali kuelekea huko, na mbele ya karatasi akili ikarudi Unguja!

Nimesahau nimesali rakaa ngapi. Nilipotoa salamu nikageuka nyuma. Ng'ambo ya ukuta fundi alikuwa anachora mlango kwa chokaa, ukituelekea. Akanipungia mkono.

Jumamosi, 12 Disemba.

Mchana, watu wamelala, nikaruka ukuta kwenda kuving'oa vigingi vya mlango alivyovipigilia fundi. Kanzu ikanasa. Nikiwa nnaning'inia, Bi Nasriya akatokea, akauliza nafanya nini. Nikasema nnamtafuta kuku wetu.

Hatuna kuku.

Bi Nasriya kazunguka mwenyewe mpaka kiwanjani, kazitazama zile alama za chokaa, kautazama ukuta wake, kanitazama mimi. Niliponasuka nikaenda kujilaza chini ya mtende, nikisema nina homa. Muhsina kaniletea maji, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 13 Disemba.

Mbinu nyingine. Nilimnong'oneza Sheikh Harub kuwa Aflah ndiye aliyeniharibia ramani. Kasema vizuri, twende tukaone. Sote, ndani ya landrova! Njia nzima nilisoma dua zote ninazozijua, na za safari za baharini pia.

Bi Nasriya alikuwa amesimama pale pale penye mlango wa chokaa, upawa mkononi. Aliuliza jambo moja tu: wino mwekundu ni wa nani. Sheikh Harub akasema ni wa mkwewe. Aflah, kwa adabu inayochoma, akaeleza mambo ya kibla. Mlango umerudishwa barabarani, kama Marhoon alivyouomba tangu mwanzo.

Niliporudi jioni, godoro langu lilikuwa juu ya ukuta.

Jumatano, 16 Disemba.

Nnalala stoo ya ofisi. Panya wa Maskati hawana khofu, khofu yote nimeichukua mimi. Sheikh Harub hakunifukuza. Kanipa ramani ndogo, vyoo vya msikiti mpya, kachora Aflah.

Nilipoifungua nikatoka jasho. Mshale unatazama juu, na vyoo vyote vinatazama juu. Yaani waumini wachutame wakielekea kibla, astaghfirullah! Nikamwita Aflah. Akanieleza, mara tatu, kwamba mishale yake yeye huonyesha kaskazini, na kibla iko kushoto. Hapo nikamgundua. Anataka nilaaniwe na msikiti mzima. Mimi, niliyefunzwa kwa godoro ukutani kwamba Maskati mshale ni kibla?

Nimeamuru kwa wino mwekundu vyoo vyote vigeuzwe, vitazame kushoto. Sheikh Harub alikuwa na haraka, akatia saini. Atakuja kuufungua msikiti yeye mwenyewe, na Bi Nasriya kaalikwa kwa upande wa wanawake. Ataona mwenyewe nnavyoichunga dini. Nimemwambia Muhsina anitandikie.