Bibi Harusi wa Kwenye Tangi la Samaki

Jamani, leo msinitafute. Niko chumbani, nimejifunika kanga mpaka usoni, naandika kwa kidole kimoja. Nimeaibika mbele ya mgeni, mbele ya mume, mbele ya mkwe na mbele ya samaki. (Samaki ndio wanaoniuma zaidi. Wao walijua siku zote.)

Lakini kabla hamjaanza kucheka, lishikeni hili: mimi ndiye mwanamke wa Raskazone, hapa Tanga, mwenye tangi la samaki lenye mimea hai inayoota kwa maji ya bomba. Maji yetu haya haya! Mnayajua. Birika jipya halichelewi kuvaa ukoko mweupe ndani. Nguo unasugua mpaka viganja vinawaka, povu kulipata ni kazi. Ni maji magumu, yamejaa chokaa, na nilipoanza kufuga samaki kila niliyemuuliza aliniambia nitie maua ya plastiki nipumzike. Nikasema yaguju! Plastiki kwangu inakaa kwenye vasi mezani. Ndani ya maji haiingii.

Basi nikaacha kugombana na bomba, nikatafuta mimea inayoipenda hiyo chokaa. Upo mmoja wenye majani marefu membamba, nimeuita Utepe. Huo umeinywa chokaa ukanenepa, unatambaa mchangani na kuzaa watoto huku na huku mpaka nachoka kuung'oa. Upo wa visindano, nimeuita Mvinje kwa sababu ukiutazama unaikumbuka mivinje ya ufukweni. Na yupo Bibi Kizee, ana majani magumu meusi meusi. Huyo hapandwi mchangani, anafungwa kwa uzi juu ya jiwe mpaka ajishike mwenyewe, na haraka hana. Maji nayakinga jioni kwenye ndoo, yanalala wazi dawa ya bomba itoke, asubuhi namimina. Hakuna uganga mwingine.

Ningeishia hapo, saa hizi ningekuwa barazani nakunywa chai na watu.

Lakini mimi nikamtaka Bibi Harusi. Huyo ni mmea mwekundu, majani laini, niliagiza kutoka Dar ukaja na basi umeviringishwa kwenye gazeti bichi. Kwenye kikundi chetu cha wafuga samaki mtandaoni walinionya wote. Huyo anataka maji laini, wakasema, maji ya mvua, huko Tanga atakufa. Nikawajibu, "Kwangu hafi." (Mdomo huu!)

Nikampanda katikati, mbele kabisa. Kweli alianza kulegea. Nikiwa bado nahangaika naye ukatokea msiba Muheza, nikaondoka, tangi nikamwachia mkwe wangu. Mama mkwe ni mtu wa Mwera, tunakaa naye hapa nyumbani, mpole, msusi wa mikeka, na usafi wake ni wa kutisha. Niliporudi sikuamini. Bibi Harusi kasimama wima! Mwekundu kuliko alipokuja! Nilipiga kigelegele sebuleni peke yangu.

Picha ikaenda kwenye kikundi. Watu wakaanza kuniita Mwalimu. Nikaandika somo refu la kumlea Bibi Harusi kwenye maji magumu: mbolea kidogo, mwanga wa asubuhi, na moyo. (Niliandika "moyo". Nisameheni.) Tangu hapo hajadondosha hata jani. Konokono wangu wanatafuna kila kitu, lakini yeye hawakumgusa, nami nikawaambia watu kwamba konokono wangu wana adabu.

Sasa njooni leo.

Mume wangu, Baba Nuru, ana muda mrefu anaitamani ile pembe ya tangi. Anataka aweke friza auze barafu za ubuyu na ukwaju, maana shule iko jirani na soketi nzima ndiyo hiyo moja. Tumebishana mpaka tukapatana hivi: Bi Rehema, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Ushongo, anakuja kuitazama mimea yangu. Akiitaka kwa tangi lake la mapokezi, tangi langu halitoki. Akikataa, friza inaingia na samaki wanagawiwa majirani. Nilikubali bila wasiwasi, kwa sababu Bi Rehema alishaniambia kwenye simu anachotaka. "Mwanangu, nataka mmea unaopumua. Plastiki ninayo, na wageni wananicheka."

Mnajua desturi zetu. Akitajwa mgeni, mapazia yanashushwa na maua ya plastiki yanaingia kwenye beseni. Tangu asubuhi mama mkwe yuko uani, anasugua maua ya vasi zote kwa sabuni na ndimu, ndimu ya kutolea ile chokaa, kisha anayaanika juu ya mkeka. Alipomaliza akaja sebuleni, akasimama mbele ya tangi.

"Mama Nuru, leo huendi sokoni?"

"Siendi, mama. Mgeni yuaja."

"Hata mara moja tu? Ndimu zimekwisha."

"Nitamtuma Baba Nuru."

Akaguna, akatazama tangi tena, akarudi uani. (Mtu mwenye akili angejiuliza ndimu za nini tena, na maua yote yameshaanikwa. Mimi nilikuwa najipaka wanja.)

Bi Rehema akafika na bajaji. Mama wa makamo, buibui safi, macho ya mtu asiyedanganyika.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi hilo tangi?"

Hata chai hakutaka. Nikamsimamisha mbele ya kioo nikaanza. Wenzangu, nilisema! Nikamweleza chokaa, nikamweleza ndoo, nikamtambulisha kwa Utepe na Mvinje na Bibi Kizee. Baba Nuru kaegemea mlango, mkononi ana futi ya kupimia friza, anaifungua na kuifunga makusudi nimsikie. Sikumjali. Bi Rehema anaitikia kwa kichwa kila neno, nami nazidi kupanda.

Akainama. "Mbona hawa wana ukoko mweupe kwenye majani?"

Hapo palinichoma kidogo. Ni chokaa hiyo, huganda kwenye majani yaliyokomaa, na mimi huionea haya. Nikamwambia ni maji tu, tutazame huku.

"Na huyu mwekundu?"

"Ehe! Huyo ndiye Bibi Harusi. Wajuzi wote walisema Tanga haoti. Mtazame!"

"Kwa maji ya bomba matupu?"

"Matupu!"

"Huyu mbona hana ukoko hata doa?"

"Huyu chokaa anaila."

(Nilisema hivyo. Kwa ulimi wangu mwenyewe. Anaila.)

Mama mkwe akatokea mlango wa uani. "Mgeni, njoo huku kuna upepo mzuri."

"Ahsante, bibi, hapa pananitosha." Bi Rehema akanigeukia. "Nimempenda huyu. Nikatie tawi nimwone vizuri. Akiwa hivi unavyosema, nachukua yeye na wenzake wote."

Nikamtupia Baba Nuru jicho, yale mambo ya friza ayasahau kabisa. Nikaufuata mkasi wangu wa kushonea.

"Usimkate!" Mama mkwe kaingia mpaka katikati ya sebule, mikono ina povu la vyombo. "Leo Ijumaa."

"Mama, mmea nao una Ijumaa?"

"Jua limeshapinda. Kitu kikikatwa alasiri hakishiki. Mkate kesho, mwanangu. Kesho asubuhi, mimi mwenyewe nitakushikia taa."

"Mama, asubuhi taa ya nini?"

Nikapandisha mkono wa dera, nikaingiza mkasi majini, nikalikamata shina, nikabana.

Haukukata.

"Shina limekomaa," nikamwambia Bi Rehema kwa fahari. "Ni chokaa hiyo, inawapa mifupa."

Nikabana tena. Nikaushika mkasi kwa mikono miwili, nikauma meno, nikabana kwa nguvu zote alizonipa Mungu. Ukasikika mlio, kech! Kichwa cha Bibi Harusi kikapaa juu ya maji kikaanza kuelea, na pale kilipokatika umechomoza waya. Waya, ndugu zangu! Unang'aa, nimeukata mimi mwenyewe, na mkasi wangu umeingia pengo.

Nikavuta kilichobaki. Kikatoka na jiwe chini yake, limefungwa kwa ukili. Ukili wa mkeka, umesukwa kwa mkono ninaoujua, maana mkeka wa mkono huo huo ndio tulioukanyaga.

Sote tukamtazama mama mkwe.

"Ulipokwenda msibani," akasema taratibu, "yule wako niliamka nikamkuta anaelea, ameoza. Nikasema mwanangu akirudi atalia, atajua nimemuulia. Nikaenda madukani Ngamiani kumtafuta anayefanana naye."

"Na huku kung'aa kwake bila ukoko?" nikamuuliza.

"Ukienda sokoni namtoa. Namsugua kwa ndimu pamoja na wenziwe wa vasi."

Baba Nuru aliteremka na mlango mpaka chini. Futi ikamponyoka ikajikunja kwa kishindo, na yeye hata hakuisikia, anacheka machozi yanamtoka. Mimi nimeshika jiwe na waya, maji yananitiririka mpaka kwapani, nalikumbuka lile somo langu kule kwenye kikundi. Mbolea niliyokuwa namtilia! Kuna watu wamehifadhi!

Lakini Bi Rehema hakucheka. Alichukua mkoba wake. "Mwanangu, nilikwambia plastiki ninayo."

Akaufuata mlango. Nikaiona friza ile pale, imesimama penye pembe yangu. Nikawaona samaki wangu kwenye ndoo za majirani. Hasira zikanipanda, na hasira zangu mnazijua.

"Bi Rehema, simama hapo hapo!"

Nikatumbukiza mkono mpaka begani. Nikaushika Utepe chini kabisa, nikang'oa. Ukatoka mama, wakatoka watoto, wakatoka wajukuu, wameshikana mnyororo mmoja, mizizi myeupe imejaa mchanga, maji yanamwagika kwenye zulia, kwenye viatu vya mgeni, kwenye pindo la buibui lake. Nikamtia mkononi.

"Shika! Nusa! Huyu naye ana waya?"

Nikavuta kipande cha Mvinje, nikampa mume wangu pale chini alipokaa. "Na wewe tafuna!"

"Mimi?"

"Tafuna, Baba Nuru!"

Akatafuna, bado anacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mbichi," akasema. Akatafuna tena. "Unanuka samaki, lakini ni mbichi."

Bi Rehema akalifikicha jani la Utepe kwa kucha mpaka likatoa maji ya kijani. Akaupitisha ukucha juu ya ule ukoko mweupe. "Na huu?"

"Huo ni wa maji ya Tanga," nikamwambia. "Yule wa waya alikuwa anaoshwa na mama. Hawa hawajaoshwa na mtu. Wameishi humo humo na chokaa yao, na wamezaa."

Akanitazama. Akamtazama mama mkwe na mikono yake ya povu. Akautazama ule waya. Hapo ndipo kicheko kilipomshika, akakaa kwenye kochi na miguu yake iliyolowa, akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Anaila!" akasema, anajifuta macho. "Chokaa anaila!"

Alipopata pumzi akasema, "Nipe hao wenye ukoko. Nipe ndoo nzima. Maji yangu kule ni makali kuliko haya yenu, yakiwashinda nitajua. Lakini uje wewe mwenyewe uwapande, na huyu bibi uje naye, nimempenda kuliko samaki."

Nilijaza ndoo mpaka pomoni. Bajaji iliondoka majani yananing'inia nje. Baba Nuru aliokota futi yake, akatoka kwenda kupima baraza. Nasikia sasa hivi anamuuliza jirani bei ya waya mrefu wa umeme.

Nikamkuta mama mkwe jikoni, kainama. "Nimekuaibisha mbele ya watu, mwanangu."

"Mama, na magoti hayo yanayokuuma ulikwenda mpaka Ngamiani kwa ajili ya mmea wangu?"

"Nilizunguka maduka mawili. La kwanza walikuwa na wa manjano tu."

Nikamkumbatia na mikono yangu ya matope. Nampenda yule mama, nasema wazi, na sioni haya. Yeye mwenyewe kakichukua kichwa cha Bibi Harusi, kakifunga upya na shina lake kwa uzi, kakirudisha tangini kwa sababu, anasema, pengo halipendezi. Nimemwachia. Anakaa pale katikati ya Utepe na Mvinje wangu, na safari hii watakaokuja nitawaonyesha wote kwa zamu, walio hai na asiyekufa.

Kwa hiyo ninyi mlioniita Mwalimu na kuniomba vichipukizi vya Bibi Harusi, nendeni Ngamiani kwenye maduka ya mapazia, wamejaa tele. Utepe njooni kwangu, huo ni wangu kweli, na ni mzuri, na umeota kwa maji ya bomba la Tanga, andikeni popote.

Na nitakayemsikia anacheka, namletea mama mkwe na ndimu zake.