Buti la Kirangozi

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua ya kwanza imepiga alfajiri, ikaondoka bila kuaga. Ntalikwa nzima, kijiji chetu hapa Tabora, inanuka udongo mbichi. Naandika nimekaa juu ya debe zizini, ng'ombe wananitazama kama wanafunzi wanaongoja somo. Wana haki.

Habari kubwa! Mzee Mathias, msimamizi wetu, anaacha kazi na kurudi kwao Urambo. Mama Gaudensia mwenye shamba katukusanya. Shikamoo zikamiminika, akaitikia marahaba moja ya jumla. Kisha akasema amechoka na miguu yetu. Kila wiki mmoja ana mwiba, mwingine kajikata na jembe, mwingine kakanyagwa na fahali, na wote tunamwendea tukichechemea kama tumetoka vitani. Jumamosi tunahamisha ng'ombe kwenda malisho mapya, safari ya kutwa. Atakayefika wa kwanza akiliongoza kundi ndiye msimamizi. Na kiatu atakachofika nacho ndicho Mama atakachowanunulia wafanyakazi wote.

Msimamizi anapewa nyumba! Bati jipya, dirisha la kioo, mti wa mninga mlangoni. Mimi na mke wangu Jeska tumepanga chumba mtaa wa Ng'ambo ambacho mvua ikikatika nje, ndani inaendelea. Leo alfajiri Jeska kahamisha kitanda nami nikiwa juu yake.

Mpinzani ni mmoja tu, Silasi mkamuaji. Ana gambuti nyeusi za mpira anazozipangusa kila mara, utadhani gari. Alizitazama katambuga zangu za tairi, akasema eti Karoli, safari hii si ya kwenda dukani kununua chumvi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa heshima.

Hajui anasema na nani. Babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, yule mtu wa mbele kabisa katika misafara ya zamani, aliyewatangulia wapagazi kutoka hapa hapa mpaka pwani. Mimi mwenyewe nimefika Mwanza, Dodoma, na Dar es Salaam mara mbili, ingawa mara ya pili nilirudi na basi lile lile. Shule niliiacha mimi, haikuniacha yenyewe. Damu yangu ina njia ndani yake.

Nyumba ile ni yangu. Bado kuhamia tu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeomba ruhusa kwenda kumwona mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni mguu wangu, kwa hiyo si uongo.

Ng'ambo, kibandani kwa Veneranda, muuza viatu vya mtumba. Kavitundika hadi juu kwenye mabati, vinayumba taratibu kwa upepo kama watu wanaotembea angani. Nikasimama chini yake muda mrefu. Nikaona msafara mzima unapita juu ya kichwa changu, na vumbi lake, na njuga, na nyimbo zinazokuja na kupotea. Mbele kabisa mtu mmoja mwenye manyoya kichwani. Sura ni yangu. Veneranda akaniuliza nanunua au nasali.

Ndipo nikayaona! Mabuti ya kahawia, ngozi nzito, soli nene iliyoshonwa kwa uzi, si ya kugundisha. Nikayapima kitaalamu. Nikagonga puani, yakaitika kama mlango wa benki. Nikanusa. Nikajaribu kulikunja moja, likakataa. Nikajua huyu ni mwanaume mwenzangu.

Veneranda ni mtu mzuri ila anapenda kufundisha. Kiatu cha kazi, kasema, hakinunuliwi asubuhi. Njoo jioni mguu ukiwa umevimba kwa mizunguko, uje na soksi nene, vidole vipate nafasi ya kucheza. Nikamwambia mguu wangu ni wa kirangozi, hauvimbi kwa ratiba. Akasema haya baba, mguu wako. Ila ngozi hiyo ngumu, utakaa nayo sana kabla haijakuzoea. Nikamwambia mimi nimekaa na mama mkwe masika nzima.

Pesa sikuwa nayo. Nimempa redio. Redio ile ni ya Jeska kwa kuisikiliza, lakini ni yangu kwa kuinunua. Nyumbani nimesema iko kwa fundi. Jeska kauliza imeharibika nini, mbona asubuhi iliimba. Nikasema ugonjwa wa redio huanzia ndani.

Jumatano, 13 Novemba

Maumivu!

Nimeyavaa kazini. Mpaka zizini nilikuwa mfalme. Kufika shambani nilikuwa mzee. Saa ya chai nilikuwa marehemu. Malengelenge visigino vyote viwili, na kidole gumba cha kushoto hatusemezani.

Silasi alinifuata nyuma akiigiza mwendo wangu. Akasema eti natembea kama kuku aliyebanwa na yai. Akauliza, Mkubwa, hayo mabuti umeyavaa au yamekukamata? Jibu zuri lilinijia baadaye sana, nikiwa peke yangu. Nimelisema kwa sauti hata hivyo. Ndama mmoja kanielewa.

Jioni nimekwenda kwa Mjomba Amon, mjomba wa Jeska, mlina asali. Akayapapasa mabuti kama anampapasa mbuzi wa mahari. Ngozi hii, akasema, ilainishe kwa nta ya nyuki. Kidogo tu, kwa kitambaa, nje, kisha iache ikauke. Akanipa bonge la nta, bado lina vipande vya masega na harufu ya asali.

Njiani nikafikiri. Hapo ndipo ninapowaacha watu wengine. Malengelenge yangu yameanzia nje ya buti au ndani? Ndani! Sasa nta ya nje itanisaidia nini? Nimeliyeyusha bonge lote. Nikapaka ndani. Nikapaka tena ndani. Nje nikapaka iliyobaki.

Pa kuyaanika? Chini kuna mchwa. Zizini kuna Silasi. Mzee Mathias ameshaondoka, nyumba ni tupu, na kwa kuwa ni yangu, nimeyafunga kwenye tawi la mninga wa mlangoni, yamelala ubavu mvua isiingie. Nikakaa barazani kwangu kuyatazama, mpaka giza likayameza yote mawili.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku nzito, laini. Mawingu yamekaa chini kama yamechoka kusafiri. Mvua inanukia lakini haiji.

Nimekwenda kuyajulia hali mabuti yangu. Yananukia mpaka njiani. Nyuki wachache wanayazunguka. Wanaingia, wanatoka, wanarudi walikotoka. Nimefarijika. Hata mdudu anajua bidhaa bora.

Nikajilaza barazani kidogo. Usingizi ukanichukua kwa mkono. Niko mbele ya msafara, jua halichomi, njia inateleza yenyewe chini yangu kama mto. Nyuma wanakuja ng'ombe wa Mama Gaudensia, kila mmoja na mzigo wake kichwani, kwa adabu. Babu wa babu yuko kando yangu, pekupeku. Ananisalimu kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nami naitikia. Ananiuliza hivyo ni nini miguuni. Mabuti, babu. Ananiuliza, yanakwenda yenyewe? Nikaamka kabla sijamjibu.

Kilichoniamsha ni Silasi, kapita na ndoo ya maziwa, kaja kuchungulia. Nyuki mmoja, mmoja tu, akamsogelea sikioni. Jamani! Ndoo chini, maziwa chini, Silasi keshafika barabarani. Kumbe bwana mkubwa anawaogopa nyuki kuliko shetani. Nimecheka mpaka malengelenge yakauma. Kisha nikaenda kumsaidia kukamua waliobaki, maana Mama angemla mzima. Hakunishukuru. Kasema nakamua kama napiga kengele ya kanisa.

Ijumaa, 15 Novemba

Msiba!

Mchana mlio ulitoka porini kama pikipiki ya mbali. Ukakaribia. Wingu jeusi likapita juu ya zizi, likazunguka, likashuka kwenye mninga wangu. Nyuki! Ukoo mzima na malkia wao! Wakaingia buti la kushoto. Waliokosa nafasi wakaning'inia mdomoni mwake kama ndevu.

Nikakimbia kumwita Mjomba Amon. Akatazama. Akakaa chini kabisa, akacheka mpaka akavua kofia. Akasema, mkwe wangu, umechukua kitu chenye uwazi na giza, umekipaka nta ndani, umekitundika mtini mvua zinapoanza. Umetundika mzinga. Mtoto gani wa Tabora hajui hilo? Nikamwambia nilikuwa nafikiria mambo makubwa zaidi.

Nikamwomba awafukuze kwa moshi. Akakunja uso. Nyuki waliokuja kwa hiari yao ni wageni, na mgeni hafukuzwi. Jumapili jioni ataleta mzinga wa gome la mti wa mtundu, awahamishe kwa upole. Lakini safari ni kesho, Mjomba! Akasema nyuki hawana habari na kesho.

Buti la kulia nimelifungua kwa kunyata, pumzi nimeifunga. Jeska kanikuta kitandani nimelikumbatia. Hakuuliza habari ya buti. Kauliza redio.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika huku mguu uko kwenye beseni.

Tuliondoka na umande. Mama Gaudensia katangulia kwa bodaboda kutungoja malishoni. Mguu wangu wa kulia buti, wa kushoto katambuga. Mmoja juu, mwingine chini, nikawa natembea kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Silasi akasema leo Karoli kaja na miguu ya mama mbalimbali. Hata ng'ombe walicheka.

Lakini jua lilipopanda! Nta ndani ya buti ikalegea. Ikazunguka kisigino, ikajaza kila pengo, ngozi ikawa laini kama chapati ya moto. Mguu ukalala humo kama mtoto mgongoni. Tukaingia njia ile ya zamani ya misafara, vumbi jekundu, miti imesimama kimya pande zote kama watu waliopisha. Sikuhisi uzito wowote. Kengele za ng'ombe zikageuka nyimbo. Malengelenge yakanyamaza. Nilikuwa mbele, mbele kabisa, wa kwanza! Kirangozi!

Nikasikia yowe.

Silasi kakaa chini. Mwiba wa mgunga umepenya gambuti ya kulia mpaka unyayoni. Nikarudi. Nilipoivua, jasho lilimwagika kama chai, na mguu umejikunja kama nguo iliyosahauliwa majini. Mwiba nikautoa kwa meno. Hakuwa na mzaha hata mmoja kinywani. Akasema, kaka, nenda, nyumba ni yako. Kaka! Tangu lini?

Ningekwenda. Malisho yalishaanza kuonekana kule mbele, na katika ukungu wa joto niliiona nyumba yangu inaelea, bati linang'aa, Jeska mlangoni. Lakini mpinzani akikaa chini na damu inatoka, upinzani unakwisha, anabaki mtu aliyekaa chini. Nikamfunga jeraha kwa leso. Nikavua buti, nikamvalisha.

Akasimama. Akajaribu hatua. Macho yakamtoka. Akatembea, akaharakisha, mara huyo anatroti! Kwa raha ya mguu akalipita kundi lote, wala hakugeuka. Mimi nikafika wa mwisho, katambuga moja na unyayo mmoja, pamoja na ndama mvivu.

Mama akasema kanuni ni kanuni, Silasi ndiye msimamizi. Akauliza kiatu gani kile. Na hapa namsifu Silasi, kasema mbele ya wote kwamba buti ni la Karoli, na kwamba bila Karoli angekuwa bado njiani na mwiba wake. Mama akaitazama miguu yangu kwa kitambo. Akasema mabuti ya aina ile atayanunua kwa watu wote, nimwonyeshe tu muuzaji.

Kwa upande wa mguu, nimeshinda.

Jeska nimempa habari ya nyumba. Kasogeza sufuria chini ya tone.

Jumapili, 17 Novemba

Baada ya Misa, Veneranda kaja moja kwa moja kwa Jeska. Kamshukuru kwa redio. Eti inakamata stesheni vizuri ajabu! Jeska akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Njia nzima akatembea mbele yangu bila kugeuka, kirangozi halisi.

Jioni Mjomba Amon akawahamisha nyuki kwenye mzinga. Akautundika tawi lile lile, maana ndilo walilolichagua. Buti la kushoto nikarudishiwa, tamu hata kwa kulinusa.

Mara Silasi huyo, godoro kichwani, anahamia kwake. Akasikia mlio. Akasimama kule kule barabarani. Akauliza kwa kelele, hao wanaondoka lini? Mjomba akajibu kuwa nyuki wakipapenda mahali, wajukuu wao watazaliwa hapo. Silasi akamtazama Mjomba. Akautazama mninga. Godoro likageuka, Silasi chini yake.

Kutoka mbali akatoa amri yake ya kwanza ya usimamizi, kwa sauti nene: Karoli na mkewe wakae nyumba ile, wawaangalie hao wadudu. Yeye atabaki Gongoni kwa dada yake. Na Mama ameshakubali!

Jeska akaingia. Akagusa ukuta. Akainua macho kwenye bati. Mvua ikaanza, kubwa, ya mchana na usiku. Tukakaa sakafuni, tunaisikiliza inavyohangaika huko juu kutafuta pa kuingia, isipate. Nje nyuki walinong'ona kama watu wazima chumba cha pili. Nikahisi nyumba nzima inasafiri polepole, na sisi ndani yake, tumekauka.

Jeska akaegemea bega langu. Akasema redio bado anaitaka.

Jumatano, 20 Novemba

Mabuti yameletwa! Magunia kwa magunia, magumu kama mbao za jeneza. Mama Gaudensia kasema, Karoli, wewe ndiye unayejua kuyalainisha, kazi ni yako. Mbele ya Silasi!

Mjomba Amon kanipa nta na kunionya tena. Kidogo, kwa kitambaa, nje tu. Namheshimu Mjomba, ni mzee wangu. Lakini katika maisha yake hajawahi kuvaa buti.

Nimepaka ndani. Nimepaka tena ndani.

Mninga umejaa mpaka tawi la juu. Ukisimama chini yake unaona msafara mzima unapita angani, unayumba taratibu. Yaliyokosa nafasi nimeyatundika chumbani, juu ya kitanda, yote yamelala ubavu. Dirisha nimeliacha wazi yapate hewa. Jeska yuko mazoezini, kwaya. Atakuta nyumba inanukia.

Wageni wachache wameshafika kuchungulia. Wanaingia, wanatoka, wanarudi walikotoka. Nimewakaribisha.