Baraza la Mama Bernadette na Simu Yenye Macho Manne

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Mvua tena. Mwavuli wangu wa biashara umepasuka upande uliokuwa bado mzima. Nimeuza chaja na vifuniko vya simu huku nimevaa mfuko wa plastiki kichwani. Wateja wananicheka kwanza, halafu wanakwenda kununua kwa Anaclet.

Lakini leo kuna habari! Mama Bernadette, yule mjane wa Mahagi mwenye nyumba pale njia panda ya Mudzipela, anataka kumpa mfanyabiashara baraza lake. Baraza lenye bati! Lenye saruji chini! Pikipiki zote za Bunia zinapita mbele yake! Anachotaka ni mtu anayejua mambo ya simu, amsaidie kuonana na binti yake Wivine, aliyeolewa na kazi huko Kampala na kusahau njia ya nyumbani. Atatangaza jina Jumamosi, siku yake ya kuzaliwa.

Tunaolitaka ni wawili. Mimi, Katsuva. Na Anaclet, anayeuza vitu vilevile ng'ambo ya barabara, na ambaye ana simu kubwa ya kugusa anayoitoa mfukoni hata kuangalia kama jua limetoka. Mimi nina simu ya vibonye yenye tochi. Tochi ni nzuri, lakini Wivine haonekani kwa tochi.

Baraza hilo ni langu. Bado mwenyewe hajajua tu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nimenunua simu ya kugusa! Kwa Kambale, sokoni. Kambale alinishauri nichague kwa kuangalia betri na nafasi ya kuhifadhi picha. Nikamwambia mimi si mtoto. Nimechagua kwa kuhesabu macho ya kamera. Ya Anaclet ina mawili. Yangu ina manne!

Nyumbani nimegundua macho matatu yamegandishwa kwa gundi. Moja limedondoka kwenye chai. Si kitu. Nimelirudisha mahali pake, na kutoka mbali yanaonekana manne.

Ina nafasi ya kadi mbili, kwa hiyo nimeweka mitandao miwili. Mmoja unashika sokoni na haushiki nyumbani. Mwingine unashika nyumbani, lakini nyuma ya choo tu, tena nikiinua mkono. Jirani amenikuta hapo nimeinua mkono na kufumba macho. Amejiunga nami kwa sala. Nimeona haya kumkatiza.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Asubuhi nimemwandikia Mama Bernadette ujumbe wa salamu, kwenye simu ya mpwa wake. Kibodi ya simu hii ina akili kupita kiasi. Ukiandika neno moja, inakupa la pili, la tatu, yote kwa Kifaransa. Nikaona: kwa nini nijichoshe? Nikagusa tu neno la katikati, tena na tena. Ikatoka barua nzima, safi, ya ofisini. Nikaituma.

Kumbe ilimshukuru kwa uvumilivu wake na kumwomba aondoke nyumbani kabla ya mwisho wa mwezi. Mpwa wake alimsomea kwa sauti. Mama Bernadette amenipigia kuuliza kama nimekuwa serikali.

Nilikuwa nimekwisha. Halafu Anaclet akaniokoa, bila kupenda! Mchana alimpigia Wivine kwa video, mbele ya majirani wote. Mama akavaa kitambaa kipya na kuketi sawasawa. Wivine akatokea, akafungua mdomo kusema jambo, na mega za intaneti za Anaclet zikaisha. Akabaki amefungua mdomo kwenye kioo. Mama akamngojea mtoto wake amalize neno. Muda mrefu sana. Mwishowe akafuta kioo kwa kitambaa chake na kuingia ndani.

Hapo nilimwonea huruma kweli. Pia nilifurahi. Vyote viwili.

Nikamfuata nikamwambia simu ya mtu mwingine haifai, tutengeneze yake. Anayo! Wivine alimtumia, naye anaitunza kabatini ndani ya taulo na anaitoa kusikiliza sauti za ndugu zake tu. Amenikabidhi hadi Jumamosi. Akanionya: "Weye Katsuva, simu yangu iko na watu wangu wote mule ndani. Usibachezee."

Nimeapa.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Nina wazo ambalo Anaclet hawezi kulipata hata akilala nalo kitanda kimoja. Nitampa Mama heshima mbele ya ukoo mzima, kwenye simu yake mwenyewe!

Nimeingiza humo programu ya kupamba picha. Iliuliza kama inaweza kuona majina yote. Ndiyo. Kusikiliza sauti? Ndiyo. Kujua ninapokaa? Karibu sana. Kwa nini nifiche, mimi si mwizi. Kisha kulikuwa na maandishi marefu ya faragha, marefu kuliko misa ya Pasaka, na chini yake kitufe cha kukubali. Nimegusa kitufe.

Nimechukua picha ya Mama akiwa amevaa kitenge cha bluu, anatabasamu kidogo. Mapambo yalikuwa mengi. Nimechagua yenye mishumaa miwili, kwa sababu siku ya kuzaliwa bila mshumaa ni siku gani? Maua meupe. Njiwa anapaa. Mawingu. Chini kuna maneno ya Kifaransa yenye mikia mingi, sikuyasoma, lakini yalikuwa mazuri kwa umbo. Nikaiweka kwenye statut yake, ile hali ya simu, wote waione, na kwenye picha yake ya jina pia. Halafu nikanyamazisha simu ili mtu asiharibu siri.

Mafanikio ya ajabu! Kabla sijamaliza kunywa chai, watu wakaanza kupiga. Mahagi, Aru, Kampala. Wivine mwenyewe amepiga mara nyingi mfululizo! Sikupokea. Pongezi ni za kesho.

Mchana mtandao umekatika mtaa mzima kama kawaida yake. Nimelala nikiota bati.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Naandika nikiwa nimefunga mlango kwa komeo.

Nilikwenda asubuhi na keki ndogo. Mbele ya nyumba kulikuwa na gari kutoka Mahagi, na vijana walikuwa wanafunga turubai. Viti vya plastiki vimepangwa. Nikafikiri, kumbe wameandaa sherehe ya nguvu! Halafu wanawake wakashuka garini wakipiga yowe, mikono kichwani, na mmoja akajitupa chini kwenye tope.

Mama Bernadette alitoka jikoni. Kwa vile ni mtu mwenye adabu, alipoona ukoo wake unalia, alilia pia. Alilia kwa nguvu, akikumbatiana na shemeji yake aliyekuwa amefumba macho kwa uchungu. Baadaye sana ndipo alipofuta kamasi na kuuliza ni nani amekufa.

Shemeji akafungua macho. Akapiga yowe la pili, tofauti kabisa na la kwanza, na kukimbilia barabarani.

Mpwa akaonyesha picha. Mishumaa, njiwa, mawingu. Hapa kwetu hivyo ndivyo tunavyotangaza msiba, simu ya marehemu ndiyo huwekwa picha ya namna hiyo, na mimi najua hivyo vizuri! Nimeziona mia! Maneno yenye mikia yalisema: pumzika kwa amani. Na kwa kuwa marehemu hakupokea simu siku nzima, nani angekuwa na shaka?

"Miye iko muzima!" alipiga kelele Mama. "Nani alisema miye nakufa?"

Nikaficha keki nyuma ya mgongo. Anaclet akanionyesha kwa kidole, kwa raha zote.

Mama alinifukuza kwa ufagio hadi kwa mafundi pikipiki. Lakini wageni walikuwa wamekuja na samaki wa ziwani, mbuzi na mifuko ya unga, na chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani. Wakapika. Wakala. Kufikia alasiri wanawake waliojitupa kwenye tope walikuwa wanacheza ngoma. Mama alikaa katikati, kila mtu akimgusa shavu. Nimeona yote hayo juu ya ukuta wa jirani, na keki nimeila peke yangu.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Wivine amefika. Kwa basi, njia nzima kutoka Kampala, nguo nyeusi, macho yamevimba. Mwenye kibanda cha simu huko mpakani, aliyepigiwa na mpwa, ndiye aliyempa habari kwamba mama yake anaishi, lakini hakuamini mpaka alipomshika kwa mikono. Walisimama barazani wameshikana, hata pikipiki zikapunguza mwendo. Nimelia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kisha Wivine akauliza Katsuva ni nani. Nikainua mkono. Amenizaba kofi, halafu akanishukuru.

Hukumu ya Mama: Wivine anabaki Bunia. Baraza ni lake, atafungua saluni. Mtu wa simu hahitajiki tena, mtoto yuko hapa! Anaclet akairudisha simu yake mfukoni. Lakini pembe moja ya baraza itabaki tupu. Mama atampa yule kati yetu ambaye hadi mwisho wa mwezi atakuwa ameonyesha heshima na ulimi safi.

Ulimi safi! Mimi huyo!

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimebadilika kabisa. Sigusi tena simu za watu. Yangu tu.

Wivine anataka siku ya kufungua saluni ionyeshwe kwenye simu za watu wote papo hapo, na nimejitolea. Mchana huu najifunza. Nimeunganisha simu na intaneti ya jirani, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, nimegusa kitufe chekundu, imeuliza maswali yake, nimekubali yote. Sasa naiacha ipate joto huku naandika. Huwa nasoma kwa sauti ninachoandika, ili nisikie kama kinapendeza.

Mpango ni huu. Kesho nitamnong'oneza Mama kwamba Anaclet anawasema wajane. Si kweli, lakini ana uso wa mtu anayeweza. Sombe ya Mama, yale majani yake ya muhogo, haina chumvi hata kidogo, nani asiyejua, lakini nitaisifu mpaka nipate pembe yangu. Na shemeji yake wa Mahagi, yule aliyekimbilia barabarani, ana miguu ya mbuni.

Juu ya kioo kuna jicho dogo na namba inayopanda. Nadhani ni joto la betri. Mioyo myekundu inapepea pembeni. Simu hii inanipenda.

Mtu anabisha hodi. Nimechungulia dirishani. Anaclet, amejishika tumbo kwa kicheko. Wivine. Mbele yao Mama Bernadette, amebeba sufuria ya sombe, na mkono wa pili ameshika pakiti ya chumvi.

Wamekuja wenyewe! Pembe ni yangu. Ila chumvi sijui ya nini.