Kutambulika na Kutambuliwa

Jumatatu, 4 Machi
Waraka wa Baraza la Leseni umebandikwa juu ya birika la chai. Kuanzia Aprili, mshauri nasaha asiye na shahada ya uzamivu hataonana na mteja peke yake. Ataketi na msimamizi. Mimi nina uzamili, na miaka kumi na miwili katika chumba namba tatu. Msimamizi wangu atakuwa Bwana Takwimu wa chumba namba nne, aliyepata uzamivu mwaka jana na tangu hapo hujitambulisha upya hata kwa mfagizi. Nikamfikiria mjane wangu wa Alhamisi, aliyekaa kimya miezi mitano kabla ya kutamka neno la kwanza. Mbele ya Bwana Takwimu na kalamu zake nne! Haiwezekani. Nadhani haiwezekani.

Jumanne, 5 Machi
Nimegundua chuo! Uzamivu wa saikolojia kwa masafa, wiki tatu. Mbili kwa wenye bidii. Tangazo linasema "kinatambulika popote". Nikaandika kuulizia ithibati. Jibu likaja baada ya dakika nne: iko njiani. Nikauliza njia ipi. Msajili akasema hilo ni swali la kiwango cha uzamivu, na kwamba amelihesabu kuwa sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Nilijihadhari nisifurahi. Nilifurahi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelinganisha vyuo vitatu, kama impasavyo msomi. Mkuu wa kitivo katika chuo cha pili ndiye mwanafunzi mwenye furaha katika picha ya cha tatu; amevua miwani tu. Chuo changu hakina picha ya mtu yeyote. Nikakihesabia unyenyekevu.
Mjane leo amezungumzia viatu vya marehemu. Mara ya kwanza! Wakati wa kuondoka akauliza kama ni kweli kutakuwa na mtu mwingine chumbani, maana hapo yeye atabaki tu nyumbani. Nikamwambia ninalishughulikia.

Ijumaa, 8 Machi
Wifi, mke wa kaka yangu, ni karani wa masijala ya Baraza. Nikamuuliza kuhusu chuo changu, kwa niaba ya rafiki. Akacheka mpaka akashika ukuta, akataka kujua kama rafiki huyo naye anavaa viatu vyangu. Kisha akanisomesha: kutambulika ni kwamba ukikiona utakijua, hata kibanda cha kinyozi kinatambulika, kutambuliwa ni kuwamo kwenye orodha ya Baraza, na hicho chuo hakimo, wala hakitakuwamo. Vyeti vyake wao hukazia meza inayoyumba. Nikahoji kama kinachoweza kutambuliwa hakijafika nusu ya kutambuliwa. Akasema jamani wifi, acha hizo.
Kumbe ipo njia ya kuendelea bila msimamizi! Mwenye miaka kumi kazini hujaza fomu ya ukurasa mmoja, akaitwa kwenye usaili. Mwisho Jumanne saa sita mchana. Akanipa fomu.

Jumatatu, 11 Machi
Nilijaza kwa uangalifu. Lakini ukurasa ulionekana mtupu mno kwa maisha ya mtu mzima. Nikaambatanisha barua ya kukubaliwa uzamivu. Niliipeleka asubuhi; mchana imerudi na muhuri mwekundu: chuo hakimo kwenye orodha, kosa likirudiwa, mwombaji atachunguzwa siku tisini. Bwana Takwimu, kwa upole unaochoma, amekuja kupima chumba changu kwa hatua. Anaona kiti chake kitafaa dirishani. Hapo ndipo anapokaa mjane.

Jumanne, 12 Machi
Wifi amenijia asubuhi na fomu mpya, kaificha ndani ya gazeti. Akaniapisha kama mtoto: nijaze miaka, niweke sahihi, nisiambatanishe kitu, hata kiwe kizuri namna gani. Akasema safari hii nikiharibu, yeye hanijui, na kaka naye ataambiwa asinijue. Nikaapa. Nilimaanisha.
Nimejaza kwa mwandiko wangu bora. Miaka kumi na miwili, chumba kimoja. Nikaitazama kwa muda mrefu. Ni kweli tupu, na pengine utupu huo ndio dosari yake. Chuo cha pili kimeniletea barua ya kunikubali jana jioni, nacho, tofauti na kile cha kwanza, kimeandika ITHIBATI kwa herufi kubwa.
Nimekabidhi saa tano na nusu. Kiapo nimekitunza: sikuambatanisha kitu. Barua nimeibana tu kwa pini.