Jinsi Nilivyomwua Bibi Magreti

Jumatatu, 6 Oktoba 2003. Ruponda.

Siku kuu katika historia ya fasihi! Sista Scholastika, mlezi wa chama chetu cha usomaji hapa parokiani, ametangaza kwamba kila kijana aandike hadithi. Iliyo bora itapigwa chapa. Kitabu kamili, chenye jalada na jina la mwandishi! Nimeshaliona jina langu pale juu: FIDELIS. Herufi nyekundu zinazochuruzika.

Kinachotakiwa nakijua. Lile sanduku la riwaya alilotuletea Sista nimelimaliza lote. Zote ni za vijana wenye shida. Yatima, mtoto wa mlevi, binti aliyefukuzwa kwao na mimba. Ukifika katikati hujalia, wewe ni gogo. Tatizo ni moja tu. Sista amesisitiza tuandike ya kweli, tunayoyaishi. Na mimi nina miaka kumi na sita na sijawahi kupata shida yoyote. Wazazi wangu wameniharibia maisha!

Jumatano, 8 Oktoba.

Mpango wa kwanza. Nimemwomba Baba awe mlevi. Si sana, wiki moja tu. Baba ni katekista, hanywi hata togwa iliyolala. Ameniuliza kama nimepata choo. Nikamwomba basi angalau achelewe kurudi nyumbani. Amerudi mapema kuliko siku zote, kuja kunitazama.

Mpango wa pili: kulala njaa. Mama kapika ming'oko, vile viazi vya porini. Nimekula sahani mbili. Kesho nitaanza upya.

Adui ni Faith. Anakaa nyuma ya zahanati na wadogo zake wawili. Hawana baba wala mama. Analima mwenyewe, anaokota korosho mwenyewe, na kila siku anachelewa shule. Shida zote hizo kwa mtu mmoja! Nimemwomba anigawie japo moja ya kuandikia. Amesema nichukue zote, nianze na kuni, jikoni zimekwisha. Mtu mchoyo sana.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Nimepata! Nitamwua Bibi.

Bibi Magreti ni mama yake Baba, tunakaa naye. Goti lake bovu, anachechemea, mdomo mkali, na anapenda ming'oko kuliko watu. Mimi ananiita mume wangu, halafu ananipakulia kwenye sahani ndogo. Katika sura ya kwanza anafariki, nabaki peke yangu duniani. (Baba na Mama nimewaondoa kwa ajali ya lori, mstari mmoja.) Majina sijabadilisha. Sista alisema ya kweli.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Leo nimeijaribu sura hiyo kwa sauti. Nilikaa kwenye kibanda cha fundi baiskeli, barabarani, fundi akiwa amekwenda kula. Nilipofika "Bibi Magreti amekata roho alfajiri ya leo, nani atanipikia?" machozi yakanitoka yenyewe. Kipaji!

Wakati huohuo alikuwa anapita Ausi, muuza samaki wakavu, na baiskeli yake, anakwenda Chinongwe. Akafunga breki. Akavua kofia, akaishika kifuani, akatikisa kichwa. Akaondoka anakanyaga pedali kwa nguvu zote. Msomaji wangu wa kwanza, na nimemgusa!

Sura ya pili ni mazishi. Sijui yanaanzaje. Nitauliza.

Jumapili, 12 Oktoba.

Nimeona yanavyoanza.

Tulitoka kanisani, Bibi akabaki nyuma kuokota kuni. Ghafla uwanja wa nyumbani kwetu ukajaa watu wa Chinongwe. Watani! Watani wa ukoo wa Bibi, wale wenye ruhusa ya kututukana hata msibani, na wasipotutukana msiba haujakamilika. Mbele yao Mzee Saburi, kajifunga kanga, kajipaka majivu, anachechemea kwa goti la Bibi kabisa. Anapiga kelele kwamba Magreti alikuwa mchoyo, kaondoka na ming'oko mdomoni, huko aendako malaika wafiche sufuria. Wenzake wakalala mlangoni. Maiti haitoki mpaka wapewe jogoo! Mama hakujua ni maiti ipi, lakini watani ni watani. Jogoo akaenda.

Majirani wakamiminika. Faith naye akaja na wadogo zake, ndoo ya maji ya msiba kichwani.

Ndipo Bibi akatokea na mzigo wake wa kuni. Akauliza nani kafa. Mtu mmoja wa nyuma, asiyemjua, akamjibu, Magreti. Bibi akautupa mzigo, akaangua kilio. Alilia vizuri, mikono kichwani, kwa muda mrefu. Kisha akanyamaza, akauliza: Magreti wa nani?

Mzee Saburi akageuka na kanga yake, akamwona. Halafu akamwambia kwamba ni mvivu tangu usichana wake, hata kufa kunamshinda. Bibi akacheka mpaka akakaa chini. Uwanja mzima ukacheka. Mzee Saburi peke yake alikuwa anajifuta macho kwa pindo la kanga, anasema ni majivu. Wenzake walisema njia nzima kutoka Chinongwe hakuweza kutunga utani hata mmoja. Wakala jogoo, wakaimba hadi jioni. Bibi akawaambia kwamba sasa ameshasikia watakavyomsema, ile ya ming'oko wairekebishe.

Faith alicheka mpaka ndoo ikammwagikia. Mdogo wake, Eva, akanivuta shati, akaniuliza kama dada anaumwa. Sauti hiyo hajaisikia tangu mama yao azikwe.

Nami? Msiba wangu umeharibika! Hakuna aliyelia kwa adabu ila marehemu.

Jumatano, 15 Oktoba.

Mama ameikuta sura ya kwanza chini ya godoro (nakala safi nimeshampa Sista). Adhabu: kumchimbia Bibi ming'oko kila Jumamosi mpaka afe kweli. Bibi amesema hana haraka, mume wangu.

Watu wanaulizana nani alipeleka habari Chinongwe. Hata mimi nashangaa.

Ijumaa, 17 Oktoba.

Faith ameshinda!

Na hadithi yenyewe ni ya watani waliokuja kumzika bibi aliye hai. Bibi WANGU! Sista aliisoma mbele ya wote. Yuko binti yatima, anasikia kilio, anabeba ndoo ya maji, maana mambo ya msiba ndiyo anayoyajua. Anafika, anamkuta marehemu anacheka. Anarudi nyumbani kalowa, anawapikia wadogo zake uji, na anapokoroga anagundua bado anacheka. Imeisha. Hakuna aliyekufa! Hiyo nayo ni riwaya?

Bibi alikuwa amealikwa. Alikwenda kwa goti lake mpaka mbele, akamshika Faith kichwa, akasema kuanzia Jumapili hii waje wote watatu kula kwetu, na si siku moja. Nilifurahi, nakiri, kwa muda mfupi. Kisha nikakumbuka ming'oko ni ileile.

Hadithi yangu imerudi. Sista amepigia mstari "nani atanipikia?" na kuandika pembeni: hapa nimeamini.

Nimetafakari sana. Kosa langu liko wazi. Bibi ni mzee mno, msomaji hashtuki.

Jumamosi, 18 Oktoba.

Riwaya mpya! Safari hii nimemwua Baba.

Nilipotoka kuchimba nikaisoma kwa sauti palepale kwa fundi baiskeli. Nimelia kuliko mara ya kwanza. Ausi akapita na samaki wake. Akasimama, akaniuliza kwa upole kama safari hii ni kweli. Nikamjibu, huku nafuta kamasi, kwamba kila neno ni kweli. Mwandishi hawezi kumdanganya msomaji wake.

Akavua kofia. Sasa anakata kona ya kwenda Chinongwe, anakanyaga pedali kwa nguvu zote. Angalau mmoja ananielewa.